Meli inaingia Mtwara, programu inasema tuko Ethiopia

Fundi wa Shangani

Wakuu salaam. Niko likizo hapa nyumbani Shangani. Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa foleni ya meli za korosho kuna jamaa aliandika kwamba siku hizi meli zinajiendesha zenyewe na baharia amebaki pambo. Nilimwahidi nitamjibu kwa uzi wake. Ndio huu. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Mimi ni fundi umeme wa meli. Nyaya, sensa, mota, friji ya jikoni ikigoma, zote zangu. Usukani siushiki. Ila miaka ya karibuni nimeongezewa mzigo mwingine: programu zinazojua meli iko wapi na, kwa hapo ilipo, kipi ni ruhusa na kipi ni marufuku.

Chukua choo. Ukivuta maji chooni melini, uchafu hauendi baharini moja kwa moja, unaingia tangini. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unasema ukishausaga na kuua vijidudu, unaweza kuumwaga ukiwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu. Usiposagwa ni zaidi ya maili 12, na meli iwe safarini, mwendo usiopungua noti 4 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Mabaki ya chakula nayo yana maili zake. Plastiki haina maili, ni marufuku kila mahali. Maji ya bilji, yale yanayojikusanya chini ya injini, hayatoki mpaka kipimo kiseme mafuta yaliyomo hayazidi sehemu 15 kwa milioni. Hata mafuta ya kuendeshea: tangu 1 Januari 2020 salfa isizidi asilimia 0.50 dunia nzima, lakini ukiingia Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada, na tangu Mei 2025 Mediterania, ni asilimia 0.10 tu.

Zamani haya yote yalikaa kwenye kichwa cha chifu injinia na kwenye daftari lake. Sasa kuna kompyuta chini, inaletewa mahali tulipo na GPS ya briji (chumba cha kuongozea meli) kila sekunde, inalinganisha na mipaka iliyochorwa ndani yake, halafu inaifunga valvu ya kutolea nje au inairuhusu. Na inaandika saa na mahali, ili mkaguzi akipanda asome.

Haya, mkasa. Meli yetu ni ndogo, ya mizigo mchanganyiko, ilinunuliwa ikiwa na umri wake, na maisha yake yote ilizunguka Baltiki na Mediterania. Tukatoka nayo Salalah, Oman, tunakuja kupakia Mtwara. Safari nzuri, bahari shwari. Tukavuka ikweta, na saa kadhaa baadaye valvu ya choo ikagoma kufunguka. Skrini inasema: NCHI KAVU, MARUFUKU. Ukichungulia dirishani ni maji matupu hadi upeo wa macho, nchi ya karibu iko mbali kuliko Mtwara na Masasi.

Nikabadilisha sensa. Nikapima nyaya. Nikaangalia ramani ya briji, iko sawasawa kabisa. Tukawapigia walioiuza programu (siwataji), wakasema izime uiwashe. Nikaizima, nikaiwasha. NCHI KAVU.

Siku mbili na nusu kutoka ikweta hadi hapa, watu 14 tunatumia choo, tangi linapanda. Chifu akasema leta ufunguo. Kuna swichi ya ufunguo ya kuipita programu, ya dharura. Tukaipita, tukamwaga tukiwa mbali sana na nchi, kihalali, tukaandika kwenye daftari. Shida imekwisha.

Haikwisha. Tumeshafika, tumefunga gatini, usiku nikasikia pampu imewaka. Tangi lilikuwa limefika kimo cha kuiamsha pampu yenyewe, na ule ufunguo hakuna aliyeurudisha. Nilishuka ngazi kama mtu anayekimbia nyuki, nikaifunga valvu ya mkono. Dakika mbili, labda tatu. Niliripoti kwa kapteni, ikaandikwa ilivyo.

Asubuhi nilikaa na simu na soda ya moto, nikaichukua namba ya mahali kama ilivyokaa kwenye kumbukumbu za ile programu: 10.2, 40.2. Nikaiweka kwenye ramani ya simu. Ikanipeleka Ethiopia.

Mtwara ni nyuzi 10 KUSINI. Mwandishi wa programu hakuisoma ile herufi inayosema kusini. Tangu ikweta, kila tulipoteremka, yeye alituona tunapanda: Somalia hiyo, Ethiopia hiyo. Kwa jinsi alivyoelewa, valvu alikuwa na haki kabisa ya kuifunga.

Likombe Boy

Naweka kiti hapa.

Mvuvi Msangamkuu

Mleta uzi ngoja kwanza. Kwa hiyo dakika tatu mmetumwagia mavi kwenye ghuba yetu halafu unakuja kutuletea kama hadithi ya kuchekesha? Sisi tunavua hapo hapo, watoto wanaogelea hapo hapo. Mimi nikitupa uzi wa nyavu ufukweni ninafukuzwa.

Fundi wa Shangani

Mkuu, una haki. Nimezaliwa Shangani, ng'ambo yako tu, nimejifunza kuogelea kwenye maji hayo hayo. Sikuandika ili watu wacheke. Ningeweza kuiacha hiyo sehemu na hakuna ambaye angejua. Nimeiandika kwa sababu ndiyo uzi wenyewe: kosa la herufi moja halikuchafua kitu. Kilichochafua ni ufunguo tuliouweka sisi kwa mikono yetu tukausahau.

Mvuvi Msangamkuu

Sawa. Nimesikia. Bado nina hasira lakini endelea.

Kijana wa Kodi

Mkuu mimi nasomea kompyuta, hapo kwenye herufi umenigusa. Kwani GPS haitoi namba yenye alama ya kutoa mbele? Simu yangu inaniandikia -10.27.

Fundi wa Shangani

Simu inakurahisishia. Vifaa vya meli vingi bado vinaongea lugha ya zamani inaitwa NMEA 0183, mstari wa maandishi matupu unaopita kwenye waya. Gati letu kwenye mstari huo litakuja hivi:

1015.50,S,04012.00,E

Hiyo 1015.50 siyo 10.155. Ni nyuzi 10 na dakika 15.50. Dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja, kwa hiyo ukitaka desimali unagawanya 15.50 kwa 60 unapata 10.2583. Kisha unaiangalia S, unaweka alama ya kutoa. Mitego miwili kwenye neno moja. Huu wa kwanza nimeuona kwa kijana mwingine kwenye meli nyingine: alisogeza nukta tu, akajiona yuko karibu maili 8 kaskazini magharibi ya alipo. Ni mbaya kuliko wa Ethiopia, kwa sababu Ethiopia utashtuka. Maili 8 unaweza kuishi nazo mwaka mzima.

Binti Korosho

Samahanini kaka zangu, mimi siyo fundi, nashughulika na mizigo. Msimu huu nilikuwa naifuatilia meli kwenye simu, ile ramani yenye vimshale. Siku mbili mshale umesimama pale pale nje ya Kilwa, bosi ananipigia meli imeharibika, kesho yake nasikia honi bandarini. Hiyo nayo ni herufi ya kusini?

Fundi wa Shangani

Hapana dada, hiyo ni AIS. Meli yoyote ya tani 300 kwenda juu inayofanya safari za kimataifa ni lazima iwe nayo. Inatangaza jina, mahali na mwendo kwa redio ya VHF, ikiwa inatembea kila sekunde chache, ikiwa imetia nanga kila dakika 3. Lakini redio hiyo haipindi na mviringo wa dunia. Kama hakuna antena ya nchi kavu iliyo karibu, na hukulipia ya setelaiti, simu yako inakuonyesha mahali pa mwisho meli iliposikika. Pembeni ya jina huwa pameandikwa imesikika lini. Anza kusoma hapo kabla hujatazama mshale.

Binti Korosho

Kumbe! Nimepigiwa kelele bure. Asante kaka.

Sarahangi Mstaafu

Vijana, hilo la binti ndilo kubwa kuliko la Ethiopia. Mahali pa jana kuonekana kama pa leo.

Nilianza bahari kabla ya hizi setelaiti zenu, na hiki kisa tulikuwa tunasomeshwa. Royal Majesty, meli ya abiria, Juni 1995, imetoka Bermuda inakwenda Boston. Chini ya saa moja tangu iondoke, waya wa antena ya GPS ukachomoka. Ile GPS haikuzima. Ikaanza kukisia: tulikuwa hapa, mwendo huu, uelekeo huu, basi tutakuwa pale. Kwenye skrini yake vikatokea viherufi vidogo vya kusema inakisia. Otopailoti, mtambo wa kuiongoza meli yenyewe, haikujua kuvisoma, ikaendelea kuamini. Watu nao hawakuvitazama. Upepo na mkondo vikaisukuma pembeni kidogo kidogo kwa saa 34, ikaja kupanda mchanga karibu na Nantucket, maili 17 nje ya njia yake. Ndani watu zaidi ya 1,500. Mungu saidia hakuna aliyekufa.

Sasa fundi, hiyo programu yenu ya choo inazisoma hizo herufi?

Fundi wa Shangani

Shikamoo mzee. Ulichouliza ndicho nilichowauliza wauzaji, wakakaa kimya siku nne.

Kwenye ule mstari kuna tarakimu moja inasema ubora: 0 maana yake sina mahali, 1 nimepata kwa setelaiti, 6 nakisia. Na kwenye mstari mwingine kuna A kwa sawa na V kwa usiniamini. Nilipoichungulia programu yetu, ilikuwa inachukua latitudo na longitudo tu, hayo mengine inayaruka. Yaani waya wa antena ungechomoka ikiwa tuko maili 30 nje, ingeendelea kuamini tuko maili 30 nje hadi tunaingia kwenye mlango wa bandari.

Na ukimya pia. Waya ukikatika kabisa, programu nyingi zinabaki na namba ya mwisho. Inatakiwa sekunde kadhaa zikipita bila mstari mpya, ifunge valvu na ipige kelele.

Sarahangi Mstaafu

Marahaba. Wakati wetu hatukuamini kitu kimoja. Unaingia Mtwara pale mlangoni, pembamba, matumbawe huku na huku, una alama za nchi kavu, una rada, una risasi ya kupimia kina. Vitatu vikikubaliana unakwenda. Viwili vikigombana unapunguza mwendo.

Mvuvi Msangamkuu

Babu hapo umeongea lugha yangu. Mwamba wangu wa samaki changu naupata kwa mnazi na paa la nyumba. Mnazi ukikaa juu ya paa, na upande wa pili ule mti ukitoka nyuma ya kilima, natia nanga. Vijana wa siku hizi wanaweka alama kwenye simu, simu ikilowa wanarudi mikono mitupu.

Likombe Boy

Mnazi ukikatwa je?

Mvuvi Msangamkuu

Ulikatwa 2019. Nilikaa wiki nzima sili changu.

Kijana wa Kodi

😂😂 Turudi kwenye programu. Fundi, inajuaje kama iko ndani ya mpaka? Mipaka yenyewe imepinda pinda, kuna Mafia, kuna Songo Songo.

Fundi wa Shangani

Njia ya kawaida hata mwanafunzi wa sekondari anaielewa. Mpaka ni pembe nyingi, nukta zilizounganishwa. Kutoka ulipo chora mstari mnyoofu kwenda upande mmoja, uende mbali mno. Hesabu umeukata mpaka mara ngapi. Ukipata witiri uko ndani, ukipata shufwa uko nje.

Hesabu ni nyepesi, ubishi unaanza ukingoni. GPS haitulii, leo inakuweka mita kadhaa huku, sekunde ijayo mita kadhaa kule. Meli ikitambaa sambamba na mpaka, valvu itafunguka na kufunga kama mlango wa duka lenye upepo, na mota yake itaungua. Kwa hiyo unaweka mipaka miwili: kufunga funga mapema, kufungua subiri uwe umepita kwa nusu maili zaidi. Na visiwa usivisahau. Maili zinahesabiwa kutoka nchi kavu iliyo karibu, siyo kutoka Dar. Mtu akipita nje ya Mafia akadhani anapima kutoka Rufiji, ameshavunja sheria.

Kijana wa Kodi

Na kwenye mafuta? Kwa nini isibadilishe yenyewe meli ikigusa mpaka, ikatoka mazito ikaingia mepesi?

Fundi wa Shangani

Ukigusa mpaka umechelewa. Mafuta mazito yanapashwa moto zaidi ya nyuzi 100 ili yatiririke, mepesi yanaingia yakiwa karibu baridi. Ukibadilisha kwa pupa, pampu za mafuta zinasinyaa ghafla na kukwama, injini inazimika. Mafundi wanakwenda taratibu, kama nyuzi 2 kwa dakika, halafu yanabaki masalia ya yale mazito kwenye mabomba yanayotakiwa kuisha. Ni kazi ya saa nyingi. Kwa hiyo hapo programu inatakiwa ijue utakuwa wapi baadaye, siyo ulipo, na kama kapteni amebadili mwendo ihesabu upya. Mimi sijaona chifu hata mmoja anayeiachia ifanye peke yake. Inamwambia "anza sasa", anaanza yeye.

Mtata wa Magomeni

Mnajisumbua. Wahuni wanaweza kudanganya GPS yenyewe, mkaambiwa mko Ethiopia kwelikweli na herufi zote zikiwa sahihi.

Fundi wa Shangani

Wanaweza, na limeshatokea. Juni 2017 kwenye Bahari Nyeusi zaidi ya meli 20 zilijikuta zinaonyeshwa ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik, Urusi. Ubora unasema sawa, setelaiti zinasema sawa, na kapteni yuko majini.

Lakini hapo ndipo programu yenye akili ndogo tu inatosha. Meli ya noti 12 haiwezi kuruka maili 25 ndani ya sekunde moja. Haiwezi kuwa uwanja wa ndege wakati kipima kina kinasoma maji chini yake. Ya kwetu ilituona tunatembea nchi kavu karibu siku mbili kwa noti 11, na haikujiuliza. Angekuwa mtoto wa darasa la tatu angeuliza.

Sarahangi Mstaafu

Msilaumu mashine peke yake. Meli ya mizigo Wakashio, 25 Julai 2020, Mauritius, hapo hapo jirani yetu. GPS yao haikuwa na neno. Waliisogeza meli karibu na nchi kutafuta mtandao wa simu, wakapanda mwamba. Tani kama 1,000 za mafuta zikaingia baharini.

Mvuvi Msangamkuu

Tani elfu! Fundi, dakika tatu zako nimezisamehe nusu.

Kijana wa Kodi

Ule ufunguo mliufanyaje baadaye?

Fundi wa Shangani

Herufi waliirekebisha, wakatuma programu mpya kwa setelaiti, kosa la mstari mmoja. Ufunguo hawakuona kama ni tatizo, walisema ni "uzembe wa wafanyakazi". Hapo nilibishana nao sana, na bado nabisha. Swichi ikigeuzwa ikakaa kimya, atakuja kuisahau yeyote, hata malaika. Hasa baada ya zamu ya usiku.

Mwisho chifu akaniruhusu nikaunga kipima muda cha kawaida kabisa, kile cha kwenye mabodi ya pampu, hakuna kompyuta. Ukigeuza ufunguo unapata dakika 30, taa nyekundu inawaka briji muda wote, zikiisha inarudi yenyewe chini ya programu. Ukitaka tena, ushuke ugeuze tena. Watu wanalalamika ngazi ni nyingi. Waache walalamike. Mchoro tulimpelekea mkaguzi wa shirika linaloipa meli daraja la usalama kabla ya kuunga, maana valvu za kutolea nje huchezei tu kama taa ya sebuleni.

Kijana wa Kodi

Basi nina ombi. Project yangu ya mwaka wa mwisho nataka nitengeneze kitu kama hiki kwa Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta cha kujifunzia) na GPS ya bei nafuu. Naanzia wapi?

Fundi wa Shangani

Anza na kinachosikiliza tu. Kisome mahali, kiandike, kiwashe taa, kisiguse valvu ya mtu. Halafu kabla hujajisifu, kipe mahali pa pande zote nne za dunia: Mtwara kwa kusini mashariki, Napoli kwa kaskazini mashariki, New York kwa kaskazini magharibi, Santos ya Brazil kwa kusini magharibi. Kivushe ikweta. Kivushe kule Pasifiki longitudo inapotoka 180 mashariki kwenda 180 magharibi, pale pembe zako zote zitageuka chakula cha mbwa. Chomoa antena katikati ya safari uone kitasema nini. Wale waliotuuzia wangeipima kwa namba moja tu ya kusini, nisingekimbia ngazi usiku ule.

Ila namba za kubuni hazitoshi. Tafuta safari halisi baharini, ya chombo kinachoyumba, mtu akae nacho siku nzima.

Kijana wa Kodi

Mvuvi Msangamkuu, mkuu wangu, unaonaje? Kiboksi kidogo tu, kama redio ya mfukoni, nakifunga kwenye ndoo isiyoingia maji. Mafuta ya siku hiyo juu yangu.

Mvuvi Msangamkuu

Kinaandika nilikopita kote?

Kijana wa Kodi

Kila sekunde mkuu, ndiyo maana yake.

Mvuvi Msangamkuu

Njoo kesho kutwa alfajiri, kivuko cha kwanza. Nitakuzungusha mpaka Msimbati ukitaka. Ila tukikaribia mwamba wangu hicho kiboksi nakizima mwenyewe.

Fundi wa Shangani

Kijana, andika kwenye ripoti yako: kipimo cha kukatika kwa mawasiliano kimefanyika.